Nataka mwaka mmoja nisome kila aina ya kitabu, nipangeje?

Dada yangu wa Dodoma, habari za kazi. Swali lako lilikuwa refu kidogo, naomba nilifupishe ili na wengine wafuate. Wewe ni mhasibu wa halmashauri, una watoto wawili, kusoma unapenda toka shule lakini miaka yote umejikuta unasoma upelelezi tu, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa umewamaliza, siku hizi unasoma riwaya za mapenzi za kwenye WhatsApp watoto wakishalala. Kila Januari unaandika listi ya vitabu 52, kimoja kila wiki, alafu mwezi wa tatu listi imekufa. Safari hii unataka mwaka mmoja wa kupita tanzu zote, ushairi, tamthilia, historia, wasifu, tafsiri, mpaka vile vya mambo ya ajabu, na unauliza upangeje, vitabu uvipate wapi kwa bajeti ndogo, na je kuacha kitabu katikati ni vibaya. Ukaongeza kwamba ushairi ulikushinda form four na hutaki kujidanganya.

Mi ni mkutubi na listi za namna hiyo nimeziona nyingi sana, na karibu zote zinakufa kwa sababu moja, zimepangwa kama ratiba ya mitihani. Januari historia, Februari ushairi, Machi tamthilia, kwa hiyo kila mwezi unaanza upya kabisa, mwandishi humjui, mazingira yake huyajui, lugha yake hujaizoea. Mwezi wa kwanza una nguvu, wa pili unajikaza, wa tatu unarudi kwa Willy Gamba maana kule angalau unajua unachokwenda kukikuta. Sio uvivu huo dada, usijilaumu, mpango wenyewe ndo mbovu.

Sasa fasihi yetu ya Kiswahili ina bahati moja kubwa ambayo watu hawaitumii: waandishi wetu wakubwa karibu wote hawakukaa sehemu moja. Shaaban Robert aliandika riwaya, mashairi, tenzi, insha, wasifu wa mtu mwingine na maisha yake mwenyewe. Kezilahabi aliandika riwaya, tamthilia na mashairi. Said Ahmed Mohamed ukimtafuta kwenye shelfu ya riwaya yupo, hadithi fupi yupo, tamthilia yupo, ushairi yupo. Kwa hiyo usipange kwa tanzu, mshike mwandishi ambae umeshamwelewa, umfuate anapohamia, na akikuishia utafute kitabu kinachozungumzia jambo lile lile kwa sura nyingine. Ukifanya hivo mwaka mzima tanzu zote utazipita na hutaona kama umelazimishwa.

Basi tuanzie hapo ulipo. Upelelezi usiuache, usije ukaona aibu eti ni vitabu vya chini, huo ni utanzu wenye historia ndefu kwetu na waandishi hodari. Mwezi wa kwanza rudi nyuma kwa babu yao, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na Bwana Msa wake mwenye kiko. Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda mashindano ya uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950, kikatoka 1960, na ukitoka kwa Willy Gamba utashangaa maana Bwana Msa hapigani, hana bastola, anakaa anafikiri, na Kiswahili chake ni kitamu mno. Utakuwa bado uko nyumbani, ila umeshahama miaka na umeshavuka bahari kuingia Unguja ya zamani.

Na ukiwa Unguja usiondoke haraka. Mchukue Adam Shafi. Kuli ni riwaya, inasomeka kama stori yoyote nzuri, lakini ndani yake kuna mgomo wa kweli wa wafanyakazi wa bandarini Zanzibar wa mwaka 1948, kwa hiyo unasoma historia bila kufungua kitabu cha historia. Ukiipenda nenda Vuta N'kuvute, inayotupeleka kwenye Zanzibar ya enzi za mkoloni, ile iliyofanyiwa filamu ya Amil Shivji mwaka 2021. Halafu Haini, ambayo ni jela na mateso ya kisiasa baada ya kuuawa kwa Mzee Karume Aprili 1972. Hii ni nzito, isome kwenye wiki ambayo moyo umetulia. Mwisho wake Mbali na Nyumbani, humo anasimulia safari zake mwenyewe za ujana, alipoondoka Zanzibar kwenda kutafuta masomo nje. Umeona? Mwandishi mmoja tu, umepata riwaya ya kihistoria, ya kisiasa, na tawasifu, na hicho cha mwisho unakisoma ukiwa tayari unamjua anayeongea. Tawasifu ya mtu usiyemjua inachosha mapema sana, ya mtu uliyekwisha kusoma vitabu vyake vitatu ni kama barua.

Sasa tuje kwenye ushairi maana hapa ndipo uliponigusa, na hapa nitakaa.

Ushairi haukukushinda dada. Kilichokushinda ni ule mtihani wa kuhesabu mizani na kutaja fani na maudhui kabla hata sikio halijaonja chochote, mtu anaambiwa bainisha vina vya kati na vya mwisho wakati shairi lenyewe hajawahi kulisikia likisomwa kwa sauti. Shairi letu limetoka mdomoni, liliimbwa na kughaniwa kabla ya kuandikwa, kwa hiyo ukilisoma kimya kwa macho kama unavyosoma ripoti ya matumizi lazima likuchoshe. Ushahidi kwamba unaupenda ushairi ni kwamba taarabu unaijua, sidhani kama kuna mtu wa umri wako aliyepita harusi za Tanzania akakosa kujua taarabu, na maneno ya taarabu ni ushairi huo huo.

Kwa hiyo mpenzi wa upelelezi kama wewe nakuanzishia kwa Siti binti Saad. Huyu mama alizaliwa Fumba, Unguja, familia ya hali ya chini, akauza vyungu, baadae akawa mwimbaji wa kwanza mkubwa wa taarabu ya Kiswahili, mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri. Kuna wimbo wake unaitwa Kijiti, unahusu mauaji ya kweli yaliyotokea Zanzibar, mwanamke mgeni ameuawa, muuaji akatoroka akavuka bahari, na wanawake waliokuwa na marehemu ndio wakabaki kubeba lawama na adhabu. Wimbo ule ni kesi nzima, ina mhalifu, ina mashahidi, ina hukumu ambayo haikumridhisha mtu. Usikilize kwanza, rekodi zake za zamani zipo mtandaoni na Bi Kidude pia aliziimba nyimbo za Siti, alafu ndo ushike Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Hapo umepata wasifu na ushairi kwa mkupuo, na Shaaban Robert ameingia nyumbani kwako bila kulazimishwa na mwalimu.

Ukishamaliza Haini, siku hiyo hiyo au kesho yake, fungua Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Kijana wa Mombasa, alifungwa kwa sababu ya karatasi aliyoiandika kuuliza Kenya inaelekea wapi, akakaa ndani 1969 mpaka 1972, na mashairi aliyaandika humo kwa siri kwenye karatasi za chooni. Kitabu kilitoka 1973 na mwaka uliofuata kikapewa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Umetoka kusoma riwaya ya mfungwa, sasa unamsikia mfungwa mwenyewe, na hapo hakuna atakayehitaji kukuambia maudhui ni nini. Lugha ni Kimvita, yaani lahaja ya Mombasa, kuna maneno yatakuwa magumu kwa mtu wa bara, usiyakimbilie kamusi yote, soma kwanza shairi zima kwa sauti, mengi yatajifungua yenyewe kutokana na jirani zake.

Namna ya kusoma: shairi moja kwa usiku, shairi hilo hilo usiku tatu mfululizo, kwa sauti, hata ya chini kama watoto wamelala. Usiku wa kwanza unasikia mdundo tu, wa pili unaelewa stori, wa tatu unaanza kuona kwanini kaweka neno hili sio lile. Na usiupe ushairi mwezi wake, hilo ndo kosa la listi zote, ushairi uwe wa mwaka mzima pembeni ya kitabu kingine chochote, dakika tano tu. Baada ya Abdilatif nenda kwa Kezilahabi, Kichomi cha 1974, mashairi huru yasiyofuata vina na mizani, yalizua ugomvi mkubwa kati ya wanamapokeo, walioshikilia vina na mizani, na wanausasa, walioviacha. Ukiyasoma baada ya Sauti ya Dhiki utaelewa ule ugomvi ulikuwa wa nini na utachagua upande mwenyewe. Mimi nawapenda wote wawili, ila kwa kuanzia nashikilia Abdilatif kwanza.

Baada ya ushairi mengine ni mepesi.

Kitabu kinene. Kila mwaka mzuri wa kusoma unahitaji kimoja kinene cha kuishi nacho, na huko kwenu mvua ni Desemba mpaka Aprili, jioni nyingi mnafungiwa ndani, basi kiweke Februari na Machi. Chaguo langu ni Myombekere na Bugonoka cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alikimaliza 1945 kwa Kikerewe, akakosa wa kukichapa, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapwa 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Ni mke na mume wanaopendana na hawana mtoto, ndugu wameanza maneno, na kupitia hao wawili unaona Ukerewe ya zamani yote, kilimo, uvuvi, dawa, pombe, ndoa, namna ya kumpokea mkwe. Kinaenda polepole sana, nakwambia mapema usije ukasema sikukwambia, kurasa kumi kumi tu kwa siku ndo kasi yake. Kezilahabi nae ni mtu wa Ukerewe, kwa hiyo ukimaliza hiki, Rosa Mistika utaisoma kwa jicho lingine kabisa. Ile ilikuja kuzuiwa mashuleni enzi hizo, alafu baadae ikaingizwa kwenye mtaala.

Mwezi wa sita. Wewe ni mhasibu wa serikali, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, utarudi nyumbani saa tatu usiku kichwa kimejaa tarakimu. Usipange riwaya hapo! Panga tamthilia na hadithi fupi, vitu vya kumaliza kwa kikao kimoja au viwili. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya 1969 ni nyembamba, inahusu vita vya Maji Maji, na swali lake ni zito: mtu akisema neno linalowaunganisha watu, alafu akagundua neno lenyewe litawaua, afanyeje? Isome kwa sauti na mumeo au na mwanao mkubwa, mgawane wahusika, tamthilia ya kusoma peke yako kimya inapoteza nusu ya nguvu yake. Penina Muhando nae usimpite, Hatia ni fupi na inauma. Kwa hadithi fupi, Arusi ya Buldoza ya Said Ahmed Mohamed, moja kwa siku, ukishindwa siku mbili hakuna kilichoharibika kwa sababu kesho unaanza nyingine mpya.

Kuanzia Julai pumua, nenda safari. Hapa kuna vitabu viwili ambavyo nakuomba uvisome mfululizo. Cha kwanza Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Ni mfanyabiashara wa pembe na watumwa anaeleza misafara yake mpaka Kongo, anaeleza bila kujionea haya, hesabu za mali, vita, mikopo, nani kamdai nani. Wewe kama mhasibu utaona ni biashara kila ukurasa, na utatishika kwa namna binadamu wanavyotajwa humo kwa utulivu. Cha pili Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel 2021, Ida Hadjivayanis kaitafsiri na Mkuki na Nyota wakaitoa 2022. Humo misafara ile ile ya kwenda bara unaiona kwa macho ya Yusuf, mtoto aliyechukuliwa kwao kwa sababu ya deni la baba yake. Mmoja anaongea akiwa juu, mwingine anaongea akiwa chini. Ukishavisoma viwili hivi pamoja, historia, wasifu, riwaya na tafsiri zimeingia ndani ya miezi miwili na hutazisahau.

Mwisho wa mwaka nimekuachia vile ulivyoviita vya ajabu ajabu. Anza na Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi inayoelea angani, na usiogope kwa vile ilikuwa ya shule, maana hii ni stori ya mahakamani dada, mshitakiwa Karama anajitetea mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka kufundisha watu sheria. Mpenzi wa upelelezi ataipenda. Kinaisha wikiendi moja. Kisha Walenisi ya Katama Mkangi wa Kenya, ya 1995, mtu kahukumiwa kifo akajikuta amefika nchi nyingine kabisa yenye utaratibu mwingine wa kuishi. Nagona ya Kezilahabi iache mwisho kabisa, ni fupi ila ngumu, haina njia iliyonyooka, na ikikukataa ukaiweka chini haitakuwa imekupunguzia kitu.

Nikujibu na hilo la kuacha kitabu katikati. Acha. Mimi natumia kurasa 40, mpaka hapo kama hujali nani anafanya nini, funga, andika kwenye daftari umefika wapi na kwanini umeacha, hiyo sababu ndo muhimu kwa sababu baada ya miezi sita utaona unaacha vitabu vya aina gani na itakusaidia kuchagua. Isipokuwa ushairi na Kitereza, hivyo vipe muda zaidi maana havijitambulishi haraka.

Hesabu ya 52 iondoe kabisa. Wewe una usiku, una watoto, kuna siku umeme hakuna. Hesabu kurasa 15 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, hizo ni kurasa 300, riwaya moja ya kawaida na tamthilia ndogo juu yake. Mwaka mzima ni kama vitabu 15 hadi 20 hivi. Na riwaya zako za WhatsApp endelea nazo, hazizuiliwi, ila zisome baada ya zile 15 sio kabla, kwa sababu zimeandikwa kwa kukatiwa pale pale panaponoga na ukianza nazo utajikuta saa saba usiku kitabu hujakigusa.

Vitabu vya maarifa, yaani sayansi, afya, uchumi, niseme ukweli kwa Kiswahili ni vichache vya kusomeka kwa raha, na hilo linaniuma. Kwa hiyo kimoja au viwili soma kwa Kiingereza bila kujilaumu, chagua jambo unalolitaka kweli kulijua. Vile vya kujiendeleza na utajiri vinavyouzwa kwenye foleni, kimoja kwa mwaka kinatosha, vingi vinarudia maneno yale yale. Ukitaka cha maarifa kilichoandikwa kwa Kiswahili cha mwenyewe, tafuta Desturi za Waswahili cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, ni cha 1903 na bado kinasomeka, ndoa, malezi, mapishi, safari, dawa.

Kuvipata sasa. Usinunue kabla hujaingia maktaba ya mkoa, jiandikishe wewe na watoto, na usiishie kuangalia shelfu, muulize mkutubi kwa jina la mwandishi, vitabu vya zamani mara nyingi vimekaa sehemu za ndani kwa sababu vimechakaa au vimebaki nakala moja. Shaaban Robert, Kinjeketile na Rosa Mistika ni rahisi kupata kwa sababu ya shule, waulize na walimu wa sekondari unaofahamiana nao. Vya kununua kabisa ningechagua viwili tu, Sauti ya Dhiki maana utakaa nacho mwaka mzima na Peponi maana bado ni kipya. Adam Shafi ukikosa Dodoma, mtu akienda Dar apite duka la vitabu la TPH pale mtaa wa Samora, au wauzaji wa vitabu vya mitumba, na ukiwa na ndugu Nairobi awainamie wale wa inama, wanaopanga vitabu vya mitumba chini barabarani. Kitereza anza kumtafuta sasa hivi maana ndiye msumbufu kuliko wote, akikosekana mpaka Februari usisimamishe mpango, ingia Kuli na yeye atakuja akipatikana.

Na hizo pidiefu zinazozunguka kwenye magrupu, kama mwandishi yuko hai tafadhali mtafute umlipe. Wengi siku hizi wanauza wenyewe kwa simu, wale wa Uwaridi, umoja wa waandishi wa riwaya, kwa mfano unawapata moja kwa moja, unatuma hela na kitabu kinakuja kwa basi. Humo utapata pia upelelezi mpya, Hussein Tuwa kama hujamsoma anza na Mkimbizi, mweke Desemba, na mwezi huo wote usiupangie kitu kingine, usome unachotaka.